Bwana Kapungu Apima Kompyuta

Nyamizi, mwalimu wa Tabora, alinunua kompyuta dukani kwa Bwana Kapungu, akaambiwa ina memori ya gigabaiti kumi na sita na prosesa yenye kasi. Kuwaka tu ilichukua dakika kumi. Alipoirudisha, Kapungu, bila hata kuitazama, alimcheka mbele ya wateja.

"Mashine ni nzima, mwalimu. Vidole vyako ndivyo vizito."

Siku iliyofuata shangazi wa Nyamizi, Mwajabu muuza vitenge, aliibeba kompyuta ile hadi dukani.

"Baba, nasikia mnanunua zilizotumika. Hii ina gigabaiti kumi na sita, na inakimbia kama swala."

Kapungu akaifungua, akaipima, akaangua kicheko. "Mama, umepigwa! Memori ni nne tu, na hata ukiiongeza haipokei. Prosesa nayo imechoka. Hiki ni chuma chakavu."

"Mume wangu hataniamini. Niandikie hayo, uweke na mhuri."

Kapungu akaandika yote kwa madaha, pamoja na namba ya mashine, akagonga mhuri.

Mwajabu akaikunja karatasi, akaifutika kifuani, kisha akatoa risiti ya Nyamizi. "Namba ni ileile, mhuri ni uleule. Hapa umeandika kumi na sita, kule nne. Niwasomee wateja hawa, au nikawasomee polisi?"

Kapungu akapanda ngazi, akashusha kompyuta mpya kutoka rafu ya juu.

"Ahsante, baba," akasema Mwajabu. "Na hiyo ifungue uipime. Nimeona kazi unaiweza."