Maganda ya Jikoni kwa Bi. Chausiku

“Ganda nene, usilaumu kisu.”

Mmeisikia sokoni leo mkadhani ni maneno ya wauza viazi, mkacheka. Haya, kaeni niwaeleze ilikotoka. Atakayetaka kucheka atacheka nikimaliza, kama bado atakuwa na hamu hiyo.

Methali hii ilianzia hapa hapa Kwemkuyu, jikoni kwa Bi. Chausiku. Alikuwa mjane mwenye shamba la mihogo na mahindi, na hasira zake zilikuwa karibu. Ukimkosea asubuhi, adhuhuri haikukuti hujapata chako. Lakini mkono wa birika hakuwa nao. Hilo lishikeni tangu sasa.

Wakati huo mtu mmoja, Semboja, alikuwa amekwisha kuanza kazi ya kuzoa mabaki ya vyakula kwa mkokoteni. Kila nyumba iliweka ndoo yake mlangoni. Ya kuliwa na ng'ombe yalipelekwa kwa ng'ombe, mengine yakashuka bondeni kwenye mashimo yakaozeshwa kuwa mboji, na msimu wa kupanda kila nyumba ikarudishiwa gunia la mbolea. Kuchambua maganda hayo, kutoa mifuko na vifuniko vya chupa, ilikuwa kazi ya kina mama wa bondeni, nao walipewa mboga za bustani iliyokuwa pale. Mmoja wao aliitwa Bi. Kilua.

Bi. Kilua alikuwa na mtoto mmoja tu, Mboni, na Mboni aliolewa na Mbaraka, mwana pekee wa Bi. Chausiku. Siku ya posa Bi. Kilua hakutaja mahari ya kutisha. Alisema, “Mboni ndiye anayenilimia. Mkimchukua, sina jembe tena. Ninataka kitu kimoja tu, nisilale njaa.” Bi. Chausiku akampa mkono mbele ya watu wote. “Hutalala njaa, mkwe wangu, maadamu mimi ni hai.”

Na neno lake akalitimiza. Kila mwezi ulipoandama alipima debe la mahindi, akamkabidhi Mbaraka alipeleke bondeni. Kwa Mboni hakulitaja hata siku moja, kwa kuwa aliogopa kusimanga. Kwetu sisi, ukimlisha mkweo kisha ukamtangazia binti yake, hujatoa kitu. Umemvua mtu nguo. Basi akanyamaza, akiamini Mboni anajua na anashukuru moyoni mwake.

Sasa njooni kwenye maganda.

Siku moja Bi. Chausiku aliinua ndoo ya maganda aisogeze, akaiona nzito. Akachungulia. Ganda la kiazi lilikuwa na nyama unene wa kidole, na la ndizi mbichi limetoka na nusu ya ndizi yenyewe.

“Ala! Mboni! Hiki ni nini?”

“Maganda, mama.”

“Maganda! Hawa ng'ombe wa watu watanenepa mpaka washindwe kusimama! Kisu kimefanyaje?”

Mboni akatazama chini. “Kimekuwa butu, mama.”

Kisu kikanolewa kwenye jiwe mpaka kikawa kinanyoa ndevu. Maganda yakatoka manene vilevile. Bi. Chausiku akaenda mwenyewe kwa mhunzi, akarudi na kisu kipya chembamba. Wiki ile maganda yakazidi unene! Hapo hasira zikampanda, akasimama katikati ya jiko, akasema neno ambalo mtu hasemi.

“Kwani mama yako alikufunza nini huko bondeni? Hata kumenya kiazi? Alikulea au alikuokota?”

Mboni aliinua macho akamtazama, na macho yale hayakuwa ya mtu aliyeona haya. Yalikuwa ya mtu aliyekasirika kuliko yeye. Akachukua kiazi kingine akaendelea kumenya, nene.

Macho yale yalimkosesha Bi. Chausiku raha. Kesho yake, kabla Semboja hajapita, akaimwaga ndoo yote juu ya jamvi. Chini kabisa, ndani ya jani la mgomba, ilikuwemo mihogo miwili mizima, imemenywa na kuoshwa. Lo! Kumbe si uvivu, ni wizi! Akairudisha kama ilivyokuwa, ulimi kaubana kwa meno, kazi ngumu kwa mtu kama yeye. Mkokoteni ulipokuja akajifunga kanga kiunoni akaufuata nyuma.

“Bi. Chausiku, leo tunakwenda wote?” Semboja akamwuliza.

“Sukuma mkokoteni wako. Nataka kumjua huyo anayelishwa kwangu bila kubisha hodi.”

Walipofika mashimoni, ndoo ya Bi. Chausiku, ambayo Mboni alikuwa ameifunga kitambaa chekundu kwenye mpini, ilichukuliwa kabla ya nyingine zote. Aliyeichukua alikuwa Bi. Kilua. Alikaa kando na beseni, akayaosha yale maganda manene moja moja, akakwangua nyama yake kwa kijiko na kuitia kwenye sufuria iliyokuwa motoni. Alikuwa amekonda mpaka gauni limemzidi. Alipomwona mkwewe alishtuka, akajaribu kuifunika sufuria kwa upindo wa kanga.

“Karibu, mkwe,” akasema kwa sauti ndogo. “Nisamehe, sina cha kukukirimu.”

Bi. Chausiku alikuwa amekuja na matusi tele mdomoni. Badala yake akauliza,

“Mkwe, unakula maganda? Debe la mwezi huu limekwisha?”

“Debe gani?”

“La mahindi. Ninalompa Mbaraka.”

Bi. Kilua akatikisa kichwa. “Tangu harusi sijaona hata punje, mkwe. Mboni alimwuliza mumewe. Akajibiwa kwamba wewe umesema nyumba yako si ghala la wakwe, na asithubutu kukutajia tena. Mimi ndiye niliyemkataza mwanangu asikuulize. Asije akaachika kwa ajili ya tumbo langu.”

Bi. Chausiku akakaa chini pale pale penye taka. Semboja alipomletea maji aliyasukuma. “Mimi nyumba yangu si ghala la wakwe? Mimi?” Maneno hayo hakuyasema kwa mtu. Aliyasema kwa udongo, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akanyanyuka. Akamshika mkwewe mkono, akamwambia aiache sufuria ile.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akiunganisha. Mbaraka alikuwa na redio kubwa, aliyosema ameazimwa na rafiki, na kutwa ilikuwa ikiimba barazani. Watu walikuja kuisikiliza, wakamwita bwana mkubwa. Bi. Chausiku naye alikuwa akiona fahari. Sasa kila wimbo alioukumbuka aliuhesabia kibaba cha mahindi.

Alimkalisha Bi. Kilua chumbani, akaingia jikoni. Akamwambia Mboni, “Menya viazi kama ulivyomenya jana. Vilevile. Viazi viache, nipikie maganda.” Mboni akamkodolea macho, lakini akafanya.

Adhuhuri Mbaraka akaingia na redio begani, akaiweka mezani ikiendelea kuimba, akanawa, akafunua sinia. Akaona maganda.

“Mboni! Umeingiwa na wazimu? Ndiyo chakula hiki? Na tazama ulivyoyamenya! Kisu kipya hiki, bado unamenya kama unayechonga mpini?”

“Mwache,” mama yake akasema. “Redio hii inakula nini, Mbaraka?”

“Inakula betri, mama.”

“Na betri zinakula nini?”

Mbaraka akacheka kidogo, kisha akamwona Bi. Kilua amesimama kwenye mlango wa chumba. Kicheko kikafia hapo hapo. Akaanza, “Mama, mimi nilikuwa nataka…”

“Ulikuwa unataka! Mahindi yangu umeyageuza nyimbo! Umempa mke wako maneno ambayo mimi sikuyasema, ukaninunulia uchoyo nisiokuwa nao, na mama wa mtu anakwangua maganda kama kuku! Halafu unamwuliza mkeo habari ya kisu? Ganda nene, usilaumu kisu! Kisu hakina kosa, na mkono ulioshika kisu hauna kosa. Mwenye kosa ni wewe!”

Akaifungua redio nyuma, akazitoa betri moja baada ya nyingine. Nyumba ikanyamaza. Kisha akamgeukia Mboni.

“Mwanangu, nilikuuliza mama yako alikufunza nini. Alikufunza kutomwacha mtu na njaa. Aliyeshindwa kulea ni mimi.”

Mboni hakusema kwamba yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha. Alisema tu, “Mama, niliudhika sana.” Bi. Chausiku akajibu kwamba ana haki ya kuudhika, na wakasimama hivyo hivyo, hasira zao zikiwa bado za moto, lakini kwa mara ya kwanza zikielekea upande mmoja.

Jua lilikuwa utosini Mbaraka alipotolewa nje na gunia la mahindi kichwani. Hakupewa mkokoteni wa Semboja, ingawa aliuomba. Alipitishwa njia kuu, mbele ya wale wale waliokuwa wakija kusikiliza redio, na mama yake nyuma.

“Mbaraka, unahama?” mmoja akamtania kutoka barazani.

“Hahami,” Bi. Chausiku akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. “Anamrudishia mkwewe alichomlia!”

Kuanzia siku hiyo debe lilipelekwa na Mboni mwenyewe, na ndoo ikawa na maganda membamba kama karatasi, mpaka Semboja akawa analalamika kwamba ng'ombe wameonewa. Ni yeye aliyeueneza msemo ule, mlango kwa mlango, kila alipopokea ndoo.

Basi nyinyi mliocheka sokoni, siku mkiona mtu wa nyumbani kwenu anapunja, anaficha, anaiba vijiko viwili vya unga, msikimbilie jiwe la kunolea. Ulizeni kwanza nani ana njaa, kisha ulizeni nani aliyemlia chake. Mkishampata huyo, hapo kasirikeni.

Ganda nene, usilaumu kisu.