Yai la Zimwi wa Mwezini

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri basi, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Hapo kale palikuwa na msichana, Somoe, na mdogo wake, Chilumba. Nyuma ya kijiji chao kulikuwa na kilima cha mifupa, mifupa minene kuliko magogo. Somoe alikuwa mdadisi, haishiwi maswali.

"Bibi, wanyama wenye mifupa hii wako wapi?"

"Walikufa, mjukuu wangu. Waliobaki Zimwi aliwahamishia mwezini, anawachunga huko."

Siku moja bibi alikwenda shamba. Somoe akauchukua ungo wa bibi, ule wenye dawa, akampakia Chilumba. "Ungo paa! Ungo paa! Ungo paa!" Ukapaa. Wakayapita mawingu, wakazipita nyota, wakatua mwezini.

Loo! Wanyama gani wale! Shingo ndefu kupita mvule, mikia ya kuburuta.

Mara Zimwi akatokea, jicho moja, meno kama majembe. "Nasikia harufu ya watu! Leo nawatafuna!"

Somoe akadakia, "Ututafune sisi, we mzee usiyeoga? Sisi watani wako! Mtani hanyimwi, mtani hachukiwi, mtani haliwi!"

Zimwi akacheka, akacheka, akacheka mpaka jicho likamtoka machozi. "Karibuni, watani wangu!" Akawapandisha migongoni mwa wanyama, akawatembeza kila pembe.

Basi, Somoe akaona yai, kubwa kama mtungi. Lilikuwa hilo hilo tu, na wanyama wale hawakuwa wakitaga tena.

"Hili nalichukua, nikawaoneshe wenzangu. Mtani hanyimwi!"

Zimwi akalipapasa yai. "Hanyimwi," akasema. Mama wa yai akalia, mwezi ukatetemeka.

Njiani Chilumba alilikumbatia yai lisipoe. Akauliza, "Dada, kwani yule ni mtani wetu kweli?"

Uso ulimuwaka Somoe kwa aibu. Akaugeuza ungo.

Walimkuta Zimwi anambembeleza mama wa yai. Somoe akapiga magoti. "Babu, nilikuongopea. Sisi si watani wako. Ukitaka kunila, nile."

"Nilijua," akasema Zimwi. "Watani wangu walikwisha zamani. Lakini tangu nihamie huku hakuna aliyenitania. Nikaona afadhali yai liende, kuliko kukwambia u mwongo nikabaki peke yangu tena."

Somoe alitamani ardhi ipasuke immeze. Meno yale angeyavumilia, ila upole ule ulimshinda. Akalirudisha yai kwa mama yake, akaenda zake nyumbani na Chilumba, na kwa siku nyingi hakuthubutu kuutazama mwezi.

Basi, wanangu, msimwite mtu ndugu kwa sababu mnataka kitu chake. Huenda yeye hana mwingine wa kumwita hivyo.

Hadithi yangu inakomea hapo. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda aniachie mwenyewe.