Bangili ya Zena

Chawa hatoki safarini kuja kumuuma mtu. Huzaliwa katika pindo la shuka lako, akanenepa kwa damu yako, nawe ukiwashwa unamtazama jirani kwa jicho baya. Ndiyo maana ya kusema kikulacho ki nguoni mwako. Wakubwa wa kazi hawaipendi sana methali hii. Wao hupenda kupekua nguo za wenzao.

Mwaka wa 1952, juu ya kilima kimoja cha Kisarawe chenye udongo mweupe kama unga wa muhogo, palijengwa banda la bati la majaribio. Mwenye majaribio alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Alitaka mafuta ya karanga yaliyokamuliwa Kibaha yagande kama samli, yafae kwa sabuni na kwa kupikia. Kwa kazi hiyo ilihitajika dawa, yaani kichocheo: kitu kinachoiharakisha kazi nacho chenyewe kisiishe. Dawa hiyo ilikuwa madini ya nikeli yaliyolazwa juu ya udongo ule mweupe.

"Nikeli peke yake inashikana mabonge, inakuwa mvivu," Bwana Miwani aliwaeleza wafanyakazi siku ya kwanza. "Udongo peke yake umekufa. Kazi yote iko mpakani, pale nikeli inapogusa udongo. Hapo pakiwa safi, mafuta yanaganda. Hapo pakichafuka, kwisha."

"Kama mume na mke," akasema Tatu, mama mtu mzima aliyekuwa akichekecha udongo. "Akijipenyeza mtu katikati, hakuna nyumba tena."

Watu wakaangua kicheko. Mzungu naye akacheka, pengine bila kuelewa.

Aliyeukanda udongo kwa maji ya kijani ya nikeli, kisha akauchoma tanuruni, alikuwa Kitwana Pazi. Alikanda kwa mwiko wa mti, polepole, kama apikaye uji wa mgonjwa. Dawa zake za mwanzo zilifanya kazi vizuri. Mafuta yaliingia mtungini yakiwa maji, yakapulizwa gesi, yakatoka meupe na mazito hata mwiko ukasimama wima.

Kitwana alikuwa mjane. Mkewe Zena alifariki masika yaliyotangulia, gari la mradi likiwa limeegeshwa hatua chache kutoka mlangoni pake. Ufunguo ulikuwa kwa Bwana Twalibu, msimamizi, na Kitwana alipouomba ampeleke mkewe hospitali, Bwana Twalibu alisema, "Nawajua nyinyi. Mgonjwa ni kisingizio, mnataka kwenda kuwasalimia shemeji zenu Mlandizi." Alipokubali, maiti ilikwisha fungwa kidevu. Zena aliacha bangili moja ya fedha. Kitwana aliifunga katika ncha ya shuka lake, akaenda nayo kazini na kulala nayo.

Huyo Twalibu alikuwa amesoma hadi darasa la nane, na elimu yake yote aliitumia kumshuku mtu. Siku moja aliona kopo la nikeli limepungua. Lilipungua kwa kuwa lilitumika, lakini kwa mtu wa shaka hata maji yaliyonywewa huwa yameibiwa. Tangu hapo, kila jioni wafanyakazi walipangwa langoni wakung'ute nguo zao. Wanawake waliamriwa kufungua vibwebwe.

"Unatafuta nini humu, mwanangu?" Tatu alimuuliza. "Nikeli, au unataka kunyonya?"

"Funga mdomo, mama. Mwizi hana umri."

Hakuishia hapo. Alimnyang'anya Kitwana mwiko. Kazi ya kukanda dawa akajitwalia mwenyewe, ndani ya chumba chenye kufuli, kwa mikono yake mitupu, ili usipotee hata unga wa kujaza ukucha. Na siku hizo hizo watu walimwona akivaa koti la mikono mirefu juani, akinukia marashi kutoka mbali.

"Mwanamume gani anajimwagia marashi kama mwali anayetolewa?" alinong'ona Mwanajuma, mwenzake Tatu. "Huyu ana jambo analificha."

Toka hapo dawa ikafa. Mafuta yaliingia maji yakatoka maji. Bwana Miwani alibadilisha moto, akabadilisha gesi, akaagiza udongo uoshwe upya. Wapi! Twalibu akazidi kufunga milango, na kadiri alivyofunga ndivyo dawa ilivyozidi kufa. Shaka ikawaenea watu kama upupu. Mwanajuma alidai Tatu anaulamba udongo. Tatu alidai Mwanajuma kaleta uchawi. Watu waliokuwa wakila sahani moja sasa kila mmoja alikula amempa mwenzake kisogo.

Ndipo jioni moja, langoni, Twalibu alipoishika ncha ya shuka la Kitwana, akaifungua, na bangili ikang'aa.

"Aa! Kumbe! Umeiyeyusha nikeli ukafua bangili!"

"Ni fedha hiyo, Bwana. Ya marehemu mke wangu. Nirudishie, nakuomba."

"Utaomba kwa jumbe. Wewe utafungwa, na hii itayeyushwa irudi koponi inakotoka."

Akaifunga katika leso yake, akaitia katika mfuko wa koti. Kitwana alimfuata nyuma mpaka akasukumwa. Kifungo hakikumwogopesha sana. Alichoogopa ni moto: Zena akishayeyushwa, atabaki na nini?

Siku ya shauri, watu wa Kisarawe walifurika barazani. Bwana Miwani aliitwa kwa kuwa nikeli ilikuwa yake. Twalibu alisimama na koti lake, akaeleza kwa maneno mengi jinsi alivyomnasa mwizi, na jinsi wizi huo ulivyoiharibu dawa. Kisha akatoa leso, akaikunjua.

Bangili ilikuwa nyeusi kama mkaa.

"Hii siyo!" Kitwana alipiga ukelele. "Umeibadilisha! Bangili ya Zena ilikuwa nyeupe. Umeiuza, ukaniletea chuma!"

"Mwaona?" Twalibu alisema, lakini sauti ilimpwaya, kwani naye alishangaa. "Mwenyewe anaikana."

Jumbe akaipokea, akaigeuzageuza. Ndani palikuwa na kovu dogo, pale ilipowahi kupasuka ikaungwa. Kitwana alipoliona kovu lile, alinyoosha mkono kuipokea. Ni yenyewe.

"Mbona inanuka?" jumbe aliuliza, akimpa Bwana Miwani.

Mzungu alivua miwani, akainusa bangili. Akainusa leso. Halafu akamsogelea Twalibu, akanusa na koti, kama mbwa aliyepata mnyama.

"Hii ni fedha," alisema. "Nikeli siyo. Fedha ikikaa na kiberiti cha unga, yaani salfa, inakuwa nyeusi. Twalibu, kunja mikono ya koti."

"Bwana, mbele za watu?"

"Sisi ulitufungua vibwebwe mbele za watu," Tatu alidakia. "Kunja, mwanangu."

Akakunja. Kuanzia viganja hadi viwiko, upele ulikuwa umemjaa, na juu yake dawa ya manjano, kiberiti kilichokorogwa na mafuta ya nazi. Aliona haya msimamizi mzima kujulikana ana upele, akaufunika kwa koti na marashi. Kisha kwa mikono hiyo hiyo akakanda dawa ya nikeli, kwa sababu hakumwamini mwenye mwiko.

"Kiberiti!" Bwana Miwani alijipiga paji la uso. "Ndicho kinachoua. Kinakaa juu ya nikeli, pale pale mpakani, mafuta hayapati pa kushika!"

"Si nilisema?" Tatu alisema. "Kuna mtu kajipenyeza katikati."

Jumbe akamwachilia Kitwana na kumrudishia bangili yake. Twalibu hakufungwa, wala hakuomba radhi. Wakubwa hawatupani: alihamishiwa Kibaha, akasimamie watu wengine. Lakini Bwana Miwani alimfuata Kitwana nyumbani, akamwomba arudi kukanda dawa.

"Nitarudi," Kitwana alijibu, "ufunguo wa gari ukitundikwa kwenye msumari, mlangoni, mtu yeyote aufikie."

"Ufunguo? Ufunguo na dawa vinahusiana nini?"

"Tundika tu, Bwana."

Ukatundikwa. Mwiko ukarudi mikononi mwa mwenyewe, na haukupita muda mafuta yakatoka mazito, meupe. Siku hiyo Kitwana aliketi kizingitini, akaisugua bangili kwa majivu na ndimu mpaka ikawa nyeupe tena, isipokuwa ndani ya lile kovu, ambamo weusi haukutoka. Akaiacha hivyo. Twalibu aliwavua watu nguo akitafuta kilichokuwa kikiila kazi, na muda wote alikuwa amekivaa: kwa hakika, kikulacho ki nguoni mwako.