Petroli ya Marehemu

Ehee, umesikia sawa, wala shangazi yako hakukosea. "Petroli ya marehemu haifiki harusini." Ndivyo inavyosemwa. Nimekuona, Kilua, ulivyomkodolea macho. Wewe unamwambia zile mbegu za maharage za marehemu bibi yako zisiguswe, zibaki kwenye kibuyu ziwe kumbukumbu, yeye anakujibu habari za petroli na harusi. Ukadhani shangazi kachanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Sogea, na mdogo wako naye asogee, niwaambie. Methali nyingine zililetwa na watu wa kale ambao hata makaburi yao hatuyajui. Hii imezaliwa hapahapa Korogwe, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama palepale.

Ilianza hivi. Palikuwa na dereva wa shamba la mkonge, Mzigua mwenzetu, akiitwa Mzee Semkiwa. Alikuwa akimwendesha bwana shamba, Mgiriki mmoja mnene, kwenye gari ambalo nyie hamjaona mfano wake. Paa lake halikuwa bati. Lilikuwa turubai. Unafungua vifungo huku na huku, unalikunja kwa nyuma kama mkeka, mnabaki mnapigwa upepo utosini. Sisi tuliliita Kichwa Wazi. Likipita, hata wakata mkonge walinyanyua migongo kulitazama.

Mgiriki alipoondoka nchini, gari likabaki kwa Semkiwa. Wengine wanasema alipewa, wengine wanasema liliachwa tu kwa kuwa halikupata nafasi melini. Hayo hayatuhusu. Lilibaki kwake, na alilipenda kuliko nilivyompenda bibi yenu, na bibi yenu nilimpenda.

Sasa, zama zile petroli ilikuwa adimu, nyie mnaona tu vituo vimejaa. Watu walipanga madumu kwenye foleni kutwa nzima, na jioni wakaambiwa imekwisha. Siku moja Semkiwa akarudi nyumbani tangi limejaa mpaka shingoni. Aliipata wapi, sijui. Akaligonga tangi kwa kiganja, akasema, "Hii haiguswi. Hii ni ya kumpeleka Tunu kwa mumewe." Tukacheka, maana Tunu, binti yake, alikuwa bado anacheza mdako pale uani.

Haikuchukua muda, kifua kikamshika Semkiwa, akatutoka. Mwanawe mkubwa, Mhina, akalisukuma gari mpaka kwenye ghala la singa, zile nyuzi za mkonge, karibu na korona, ile mashine ya kusaga mkonge. Akaliinua juu ya magogo ili matairi yasikandamizwe, akalifunika magunia, akatia kufuli. Likalala humo. Tunu akakua, akavunja ungo, akasoma, akawa mwalimu wa watoto wadogo, mpaka akaja kuchumbiwa na watu wa mjini. Gari bado limelala.

Siku mahari ilipopokelewa, Mhina akasimama mbele ya wazee akaapa. Akasema, "Dada yangu atatoka na gari la baba. Asipotoka nalo, hatoki." Wazee wakatazamana. Kiapo ni kiapo.

Tukafungua ghala. Lahaula! Panya walikuwa wamelila lile paa wakabakiza vyuma, kama mwavuli uliopigwa na upepo. Kuku wa watu ametagia kiti cha nyuma. Nyigu wamejenga ndani ya ekzosi. Matairi yamepasuka kama visigino vya mkulima. Na kutu, kutu hadi unajiuliza gari liko wapi.

Mhina akamleta Fundi Hizza, mtu mpole, anayeswali sala zote, asiyependa maneno na mtu. Mimi nikaitwa kukwangua kutu. Tulikwangua mpaka meno yakatuuma kwa ile sauti. Tukapata turubai la lori, fundi viatu akalishona likawa paa jipya, na ngozi za viti akashona yuleyule. Breki zikafunguliwa, plagi zikawekwa mpya, waya zikabadilishwa, betri ikaja, matairi yakaja. Rangi ikapakwa ileile ya mwanzo, nyeupe ya mtindi. Kichwa Wazi likawa linang'aa hata kunguru wakaja kujiangalia.

Hapo Hizza akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mhina," akasema, "hii imeoza. Imekuwa kama dawa ya minyoo. Tuimwage."

"Badilisha kila kitu, Hizza," Mhina akamjibu. "Hiyo usiiguse. Aliitia baba kwa mkono wake, na alisema ni ya kazi gani."

Hizza angefanyaje? Angegusa wasia wa marehemu? Akakirudisha kifuniko. Akachukua kikombe kidogo cha petroli mpya, akakimimina kwenye kabureta kwa juu, akapiga stata. Gari likanguruma! Akina mama wakapiga vigelegele, mimi nikatupa msasa. Ile petroli ya kikombe ikaisha, gari likaanza kuvuta ya kwenye tangi, likakohoa, likazimika. Akafungua kabureta, akakuta ulimbo, ule kabisa wa kunasia ndege. Akasafisha, akatia kikombe kingine, likanguruma, likakohoa, likazimika.

Basi maneno yakaanza. Vikongwe wakasema Semkiwa hajaridhia huyo mume. Wengine wakasema kaburi halijapaliliwa. Wakapalilia. Akachinjwa kuku mweusi, ukamwagwa uji. Gari likakohoa, likazimika. Na niwaambie kitu, wajukuu zangu: hakuna asiyejua. Hizza alijua, mimi nilijua, mama yao Bi Mgaya alijua, maana harufu ile ilikuwa inatoka mpaka jikoni. Lakini nani atamwambia mtoto wa marehemu amwage cha marehemu? Kwetu hilo halisemeki. Ukilisema, utaambiwa ulikuwa na kinyongo naye tangu zamani.

Hizza akaichuja ile petroli kwa kipande cha kanga, mara ya kwanza na ya pili. Siku ya Ijumaa, harusi ikiwa kesho yake, gari likazunguka korona bila kukohoa. Mhina akalia kwa furaha. Akasema, "Mmeona? Baba amekubali."

Kesho yake ndoa ikafungwa asubuhi. Baada ya adhuhuri ikawa zamu ya kumtoa bibi harusi kumpeleka mjini kwa mumewe, ambako pilau lilikuwa linasubiri. Paa likakunjwa nyuma. Tunu akakaa kiti cha nyuma na mama yake, hina mpaka kwenye viwiko, kajifunika shela. Mhina kavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kashika usukani. Fundi kando yake. Nyuma yao pikapu ya wakwe, na nyuma ya pikapu sisi wa baiskeli na wa miguu, na ngoma.

Tumefika katikati ya mkonge, mistari ya mkonge huku na mistari ya mkonge huku, hakuna hata kivuli cha kumsitiri panzi, gari likakohoa.

Likazimika.

Hizza akashuka, akasafisha, likawaka, likasogea kidogo, likazimika. Tukasukuma. Likazimika. Ngoma zikanyamaza moja moja. Jua linampiga Tunu utosini, jasho linamtiririka na wanja, anajifuta kwa ncha ya shela.

Mjomba wa bwana harusi akashuka kwenye pikapu. Mtu mrefu, ana sauti.

"Shemeji Mhina," akasema, "mpandishe bibi harusi kwenye gari letu twende. Watu wana njaa."

"Tunu atafika kwa gari la baba."

"Atafika lini? Sisi tumekuja kuoa au tumekuja kuajiriwa kusukuma?"

"Nimeapa, shemeji."

"Nawe sikiliza. Kama gari letu halimfai, na sisi hatufai. Tunarudi mjini. Siku mtakayoona tunafaa, mtatuita." Akageuka, akaanza kuwaita watu wake wapande.

Mwanamke aliyekwisha kufungiwa ndoa, kuachwa barabarani na wakwe! Bi Mgaya akashika kichwa. Mhina kasimama, anatazama gari, anatazama pikapu.

Akajitokeza Mihayo.

Sijawaambia Mihayo ni nani. Huyu alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge, mtani wetu. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya kwenda pwani, na mtani hana mipaka. Kwenye msiba wako anacheka, kwenye harusi yako analia, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, unalipa faini ya kuku. Siku tulipomzika Semkiwa, Mihayo alichukua kofia ya marehemu kwa haki yake ya utani, na hapo harusini alikuwa ameivaa.

Akaparamia gari, akakaa kwenye usukani, akaishusha kofia mpaka kwenye nyusi, akakohoa. Jamani, alikohoa kikohozi cha Semkiwa mwenyewe! Bi Mgaya alishtuka.

"Mhina!" akaita kwa sauti ya marehemu.

"Mihayo, shuka. Leo sina utani."

"Mihayo ndiye nani? Mimi baba yako. Nimetoka huko kwa miguu, maana naambiwa mmeniwekea msiba wa pili humu njiani." Watu wakaanza kuguna, wengine wakacheka kwa pua. "Nani huyo nyuma, Tunu? Mbona umekuwa mkubwa hivyo na bado hujafika kwa mumeo?"

"Gari limegoma, baba," Tunu akamjibu. Alijua anajibu mtani, lakini aliitika hivyo.

"Mhina, mwanangu, nilipotia ile petroli, nilisema ni ya nini?"

Mhina akainamisha kichwa. "Ya kumpeleka Tunu."

"Imempeleka?"

Mhina akajifanya anakung'uta kanzu.

"Nakuuliza wewe, mwenye kanzu. Imempeleka?"

"Haijampeleka."

"Basi kazi niliyoituma haikuifanya. Mtumwa wako asipofanya kazi, unambusu? Na ule ugali niliouacha sahanini siku nilipougua, umeuweka wapi? Kauchukue na huo umpelekee bwana harusi, nao niliugusa kwa mkono wangu!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mjomba wa bwana harusi akageuza uso asionekane. Mhina hakucheka. Machozi yalikuwa yanamshuka, akasema polepole, "Nikiimwaga, Mihayo, cha baba nitabaki na nini?"

Mihayo akaivua kofia. Akawa Mihayo tena. Aliyejibu ni Tunu.

"Utabaki na mimi, kaka," akasema. "Alinitaka nifike. Hakutaka petroli ifike."

Mhina akamnyooshea Hizza mkono bila kumtazama. Hizza akampa spana. Na ile kanzu yake nyeupe, wajukuu zangu, akalala chali kwenye vumbi jekundu, akaingia uvunguni, akafungua nati ya tangi mwenyewe. Ikamwagika nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, ikamrukia kifuani, ikanywewa na mchanga. Aliiangalia mpaka tone la mwisho. Hakuna aliyemharakisha.

Mihayo akapanda juu ya kiti akapiga ukelele, "Enyi Wazigua! Petroli ya marehemu haifiki harusini! Mwacheni marehemu apumzike, tieni yenu!"

Yeye alisema kwa utani tu. Ila ndivyo maneno yanavyozaliwa.

Yetu hatukuwa nayo. Mjomba ndiye aliyeleta mpira, akauingiza kwenye tangi la pikapu, akavuta kwa mdomo, akatema, akatujazia dumu. Petroli ya wakwe! Hizza akapuliza bomba, akasafisha ulimbo, akafunga. Mhina akapiga stata. Kichwa Wazi likanguruma na halikukohoa. Mjomba akauliza kama kuna nafasi na yeye apigwe upepo, akapanda mbele. Ngoma zikaanza, na sisi tukalikimbilia nyuma mpaka likatuacha na vumbi, likaja kutungoja pembeni ya mji tuingie pamoja.

Tangu hapo ikawa msemo. Mtu akifungia shamba la baba yake lisilimwe eti ni la kumbukumbu, anaambiwa. Mjane akiacha cherehani ya mumewe ishike kutu, anaambiwa. Si kwamba tusiwakumbuke watu wetu. Walichotuachia walituachia kitufikishe mahali, na kikishindwa kutufikisha, tukimwage, tutie kingine, twende palepale walipotaka twende. Hilo tu.

Mjini tuliwakuta watu wamekaa wametukunjia uso, masinia yamefunikwa, pilau limeanza kupoa. Hakuna aliyetia tonge kabla bibi harusi hajaingia. Bibi wa bwana harusi, kikongwe asiyeona vizuri, akasikia kelele za kufika kwetu.

"Mlikuwa wapi nyie? Mmetuua kwa njaa!"

Bi Mgaya akamsaidia Tunu kushuka, akamwingiza ndani, vigelegele vikapaa. Akarudi. Mhina alikuwa amejibanza mlangoni kwa aibu ya kanzu yake, kifua chote doa jeusi linanuka. Mama yake akamshika mkono, akamvuta mpaka mkekani, akamketisha kwenye sinia la wakwe, katikati kabisa, Mihayo kulia, mjomba kushoto. Maji ya kunawa yakapita. Mama mtu naye akakaa, akafunua sinia, mvuke kidogo ukapanda.

"Tulikuwa njiani, bibi," akasema. "Petroli ya marehemu haifiki harusini. Haya, kuleni."