Ndoo ya Bluu na Watoto wa Kereng'ende

"Waraka wa Ndani Namba 14: Utaratibu wa Kuazima, Kutumia na Kurejesha Ndoo Moja (1) ya Plastiki, Rangi ya Bluu."

Msicheke, wapendwa. Hicho ni kichwa chake tu. Waraka wenyewe ulikuwa na kurasa tatu na saini nne, moja ya mtu aliyekwisha kustaafu. Naanza nao kwa sababu mfano wa mahubiri yangu ya leo umo ndani ya ndoo hiyo.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa chuo cha kilimo, mtu mpole, wanafunzi wake walimpenda. Alifundisha somo la wadudu miaka kumi na tisa kwa ubao na chaki, na kereng'ende alimjua kwa majina yake yote pasipo kumshika hata mmoja. Mwaka huo likashuka agizo kwamba masomo sasa yawe ya vitendo. Basi mwalimu akaazima ndoo, akatia saini, akawapeleka wanafunzi kwenye kinamasi kilicho nyuma ya chuo.

Kazi, ambayo ndiyo mtihani wenyewe, ilikuwa hivi. Unaingia majini mpaka magotini, unakanyagakanyaga tope, wadudu wanapanda juu, unawazoa kwa kichujio, unawahesabu ndani ya ndoo. Kereng'ende hawa tunaowaona wakiruka, watoto wao huishi chini ya maji, na maji yakiharibika wao ndio wa kwanza kutoweka. Hubaki vijifunza vyekundu, ambavyo havichagui pa kukaa. Majibu sahihi yalikuwa tayari kwenye bahasha mfukoni mwa mwalimu, yamenakiliwa kutoka kitabuni: watoto wa kereng'ende, wengi.

Mwalimu mwenyewe alisimama kando, juu ya kipande cha ubao mkavu, na mwavuli.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo mama mmoja wa makamo. Somo hili lilikuwa limemwangusha mara mbili. Leo ni mara ya tatu na ya mwisho. Akifeli, anafunga sanduku lake anarudi kijijini. Na kijiji chake kiko hapo chini tu, kinakunywa maji yanayotoka kwenye kinamasi hicho hicho.

Mama akafunga kanga kiunoni, akaingia. Akakanyaga tope asubuhi nzima. Akazoa, akahesabu, akarudi kukanyaga.

Kijana hodari wa darasa, ambaye viatu vyake vilikuwa bado vinang'aa, akamwonea huruma. "Mama, toka huko utapata homa. Andika tu 'wengi'. Kila mwaka wanakuwa wengi."

"Umewaona wapi, mwanangu?"

"Ukurasa wa arobaini na mbili."

"Basi nenda ukawazoe huko ukurasani, uniletee."

Saa sita mwalimu akakusanya karatasi. Ya kijana ilikuwa safi kama bahasha yenyewe: kumi juu ya kumi. Ya mama ilikuwa na tope, na imeandikwa mistari miwili. Vijifunza vyekundu, mia mbili na tatu. Watoto wa kereng'ende, hakuna.

Mwalimu akaisoma mara mbili. Alimpenda mama yule, na kumfelisha kulimuuma. "Mama," akasema polepole, "nikupe karatasi nyingine? Ujaribu kukumbuka?"

"Mwalimu wangu, hapa hakuna cha kukumbuka. Kama wapo wengi, maji ni safi. Basi teka hayo, unywe."

Ninyi mngefanyaje? Mngekunywa? Au mngesema muda wa mtihani umekwisha?

Yule mwalimu, na hapa ndipo ninapompenda, alifunga mwavuli. Akavua viatu. Akapandisha suruali, akaingia kinamasini kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, akainama, tai yake ikielea mbele yake. Akakanyaga, akazoa, akatazama. Vijifunza vyekundu. Akakanyaga tena kwa hasira. Vijifunza vyekundu.

"Hakuna," akasema. Kisha akapaza sauti: "Ni nani huyo aliyetuharibia maji haya?"

Wakati huo huo dereva wa chuo akateremka kutoka juu, akipepesuka kwenye tope.

"Mwalimu, samahani, mmemaliza? Naiomba ndoo yangu. Leo Ijumaa."

"Ya nini?"

"Ya kuoshea gari, mwalimu. Hapo juu kwenye kijito kinachoshukia hapa, kama kila Ijumaa. Na leo ni zamu ya injini, nimekuja na dizeli kabisa." Akachomoa karatasi mfukoni, maana alikuwa mtu wa utaratibu. "Waraka namba 14, kifungu cha pili: gari la chuo liwe safi wakati wote. Umesaini mwenyewe hapa, mwalimu. Saini ya tatu."

Mwalimu akaitazama saini. Kisha akaitazama ndoo. Alikuwa ameishika yeye.

Ndugu zangu, kila Januari usharika huu hupeleka juu Taarifa ya Hali ya Kiroho. Naifahamu, huwa naiandika mimi. "Upendo umeongezeka." Nani alivua viatu akaenda kuuhesabu? Niliunakili wa mwaka jana. Halafu tunakaa hapa tunaulizana ni nani anayeuharibu ujana, ni nani anayezivunja nyumba zetu, tunapaza sauti kweli kweli, na ndoo tumeishika sisi. Tuingie majini, wapendwa. Tukikuta hakuna, tuandike hakuna. Mungu hashtuki akisoma hakuna. Tunaoshtuka ni sisi.

Mtaniuliza iliishaje. Mama yule alifaulu. Gari la chuo lilikaa na vumbi muhula mzima. Mwaka uliofuata, ndani ya ndoo ile ile, walihesabu watoto wa kereng'ende wanne.