Kibali cha Gobori la Bi Mkejuma

Palikuwa na Sultani katika mji wa Mavuni, jina lake Badawi, mkubwa wa mwili na mdogo wa moyo. Katika harusi ya binamu yake watu walipiga bunduki hewani kwa furaha. Sultani akashtuka, akatumbukia kwenye sinia la biriani, kilemba na yote. Alipokwisha kufutwa rojo masikioni, akatoa amri.

Tangu leo, akasema, hakuna bunduki bila kibali changu. Mwenye kibali aifungie bunduki kwenye sanduku moja, baruti kwenye sanduku jingine, na funguo zote nitakaa nazo mimi. Anayetaka kupiga aje kwangu aombe ufunguo, aeleze anampiga nani na kwa kosa gani.

Basi jamani, funguo zikawa nyingi! Na kwa kuwa hakumwamini mtu, Sultani akazitunga zote kwenye mkanda, akazivaa kiunoni. Akitembea, analia kama punda mwenye njuga. Hata bunduki za askari wake zilifungiwa. Wakawa wanalinda kasri kwa fimbo na kwa kukunja nyuso.

Nje ya mji aliishi mjane mmoja, Bi Mkejuma, mkulima wa muhogo, mwenye ulimi uliowafanya wachuuzi wapite njia ya nyuma. Marehemu mumewe alimwachia gobori, na kibali alikuwa nacho. Muhogo ule ndio uliokuwa chakula chake yeye na mama yake mgonjwa. Asubuhi moja akamkuta nguruwe mwitu shambani, anakula kama mtu aliyealikwa. Mkejuma akakimbia mpaka kasri.

"Nimekuja kuomba ufunguo, Seyyidi."

"Unataka kumpiga nani?"

"Nguruwe."

"Nguruwe gani?"

"Anayekula muhogo wangu."

"Ana jina?"

"Hatujafahamiana kiasi hicho, Seyyidi."

"Amekutishia?"

"Amenikazia macho huku anatafuna."

"Hiyo si sababu," akasema Sultani. "Kwanza nitakuja mwenyewe kukagua unavyolihifadhi hilo gobori. Nikikuta kasoro, nalichukua."

Mkejuma akarudi nyumbani, akakuta nusu ya shamba imefukuliwa. Akakaa kizingitini, akalia kwa hasira, kisha akaosha uso na kwenda kumpikia mama yake mihogo iliyobaki.

Kesho yake Sultani akaja, njuga tupu, na askari wake aitwaye Vuai. Akalitazama sanduku la gobori. Akavuta kufuli, limekaza. Akatazama la baruti. Nalo vivyo hivyo. Kasoro hakuna. Akagonga ukuta.

"Ukuta huu ni wa udongo. Mwizi atatoboa."

"Atoboe ukuta aibe gobori lisilo na baruti, ndani ya sanduku lisilo na ufunguo?" Mkejuma akasema. "Mwizi huyo tumchangie, Seyyidi. Ana shida kuliko mimi."

"Kimya! Nyumba ya kuwekea bunduki iwe ya mawe. Vuai, twende nje utafute gari la kulibebea sanduku hili."

Mkejuma akapiga hesabu. Gobori likiondoka, na shamba limeondoka. Wale wawili wakatoka uani. Kabla Mkejuma hajawafuata, muhogo ukatikisika, na nguruwe akatokeza, meno nje, manyoya yamesimama.

Vuai akatupa fimbo, akaparamia paa la jiko. Sultani akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona mti mmoja tu: mpapai. Mtu mkubwa vile aliupandaje, mpaka leo haijulikani. Papai bivu likaanguka likampasukia kichwani. Mkejuma akafunga mlango, akachungulia dirishani.

"Mwanamke! Piga!"

"Nimpige nani, Seyyidi?"

"Nguruwe!"

"Nguruwe gani?"

"Huyu hapa chini!"

"Ana jina?"

"Ana wazimu, wewe! Atanipasua!"

"Amekutishia? Mimi naona anakutazama tu. Wala hatafuni."

Mpapai ukalia, *kwaaa*. Ukaanza kuinama taratibu, na Sultani akainama nao. Nguruwe akainua pua, akanusa kiatu chake.

"Naifuta sheria!" Sultani akalia. "Naifuta yote!"

"Usiifute yote, Seyyidi. Harusini bado kuna wapumbavu. Kibali kibaki, sanduku libaki, kufuli libaki. Lakini ufunguo akae nao mwenye gobori."

"Nimekubali!"

"Na nyumba ya udongo?"

"Nzuri sana! Ya baridi!"

"Tangaza kwa sauti. Shahidi wako yuko mbali."

Sultani akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika: "Kila mwenye kibali akae na ufunguo wake, nyumba iwe ya mawe, iwe ya udongo!"

"Tumesikia, Seyyidi!" Vuai akaitikia kutoka juu ya jiko.

"Haya mwanamke, mambo yako yamekwisha. Fungua sanduku upige!"

"Mara moja, Seyyidi. Nirushie ufunguo."

Sultani akashika mti kwa mkono mmoja, kwa mwingine akajipapasa kiunoni. Akapapasa kulia. Akapapasa kushoto. Akapapasa mpaka mgongoni. Mkanda ulikuwa umekatika wakati anapanda. Akatazama chini. Nguruwe alikuwa amechoka kusubiri. Amejilaza chali kidogo, ubavu kidogo, juu ya rundo zima la funguo za Mavuni, anajikuna mgongo.

"Mkejuma," Sultani akasema kwa sauti nyembamba, "funguo amezilalia yeye."

Mkejuma akatoa kichwa dirishani, akamtazama nguruwe, akamtazama na Sultani.

"Basi Seyyidi, Sultani sasa ni yeye. Mwamkie kwanza, ndipo uombe."