Chewa wa Sultani Badawi

Hapo zamani, enzi ambazo Sultani akikohoa mji mzima ulitafuta tangawizi, alikuwako mtawala aitwaye Badawi. Katika baraza lake palikuwa na birika kubwa la maji ya bahari, na ndani yake chewa mnene aliyemeza kila alichotupiwa. Sultani alimpenda samaki yule kuliko mawaziri wake, na tukisema kweli hakukosea sana, maana chewa hakujua kujipendekeza. Aliyebadilisha maji ya birika ni Ngwali, fukara asiye na kitu ila kanzu moja na ulimi mwepesi.

Basi siku moja Sultani alimlisha chewa samaki mzima aina ya kolekole kwa mkono wake. Chewa akameza, akashuka chini, akaegemea jiwe, akalala ubavu macho wazi, asitikisike. Ikawa kizaazaa. Ngwali akaweka ndoo chini akasema samaki ameshiba na anapumzika, na mwenye shaka ayatazame matamvua yake ya kupumulia, yanafunguka na kujifunga taratibu. Hakuna aliyetazama, kwa kuwa mwenye kilemba hafundishwi na mwenye ndoo. Waziri mkuu akasema samaki anausikitikia uchovu wa Sultani. Mnajimu akazilaumu nyota. Tabibu akasema angekuwa amelala angefumba macho. Huyu amerogwa, akaongeza, na amsogeleaye kila siku ni mtu mmoja tu.

Nyuso zote zikamgeukia Ngwali, na Sultani akatoa amri.

"Kiumbe yeyote wa jumba hili atakayelala ubavu baada ya kula, asitikisike, huyo ni mgonjwa, na atibiwe papo hapo mpaka ainuke. Wewe Ngwali ndiwe mwuguzi. Chewa asipoinuka kufikia kesho alasiri, utakatwa kichwa."

"Kiumbe yeyote, seyidi yangu?"

"Yeyote. Neno langu halirudi."

Ngwali akaomba liandikwe, likaandikwa, likapigwa muhuri. Alijua vema kwamba kolekole mzima humlaza chewa siku tatu, na yeye alipewa moja. Tabibu naye akawa anamimina dawa birikani, mafuta ya habasoda na maji ya mvuje yenye kunuka, hata birika likageuka rangi, na samaki yuko vile vile.

Kesho yake Sultani alikula pilau, akala mbuzi, akafuatisha halua, kisha akajinyoosha kwa ubavu kitandani mwake barazani, macho nusu wazi. Katika jumba lile hali hiyo iliitwa kutafakari mambo ya nchi, na aliyethubutu kuiita usingizi alifungwa. Wakuu wakasimama kimya kwa heshima.

Ndipo Ngwali akaingia na chetezo kinachofuka ubani, na ndoo ya ile dawa ya birikani, na hati ya amri kwapani. Waziri akamzuia. Ngwali akamwonyesha muhuri, akamwuliza kwa upole kama Sultani amelala au ni mgonjwa. Waziri, akiogopa kifungo kwa jibu la kwanza na hati kwa jibu la pili, akampisha. Basi Ngwali akamfukiza Sultani ubani puani, kisha akammwagia ndoo nzima.

Sultani akaruka, ndevu zikichuruzika mvuje.

"Umerukwa na akili? Nilikuwa napumzika."

"Macho yalikuwa wazi, seyidi yangu, na tabibu wako amesema alalaye hufumba macho. Nimeitii hati."

"Hukuona kuwa napumua?"

"Niliona. Na wa birikani anapumua, ila jana hapana aliyekubali kutazama."

Sultani akaenda miguu mitupu hadi birikani, akainama, akayatazama matamvua yakifunguka na kujifunga, akatazama kitambo kirefu. Mara tumbo likaanza kutikisika, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Wakuu wakangoja kwanza wahakikishe ni kicheko, kisha nao wakacheka.

Amri ikafutwa, na Ngwali akaambiwa aombe atakalo. Akasema shingo yake imemtosha, lakini maji haya yameharibika kwa dawa, na chewa ataugua kweli yasipobadilishwa kabla ya magharibi. Naye Ngwali peke yake haiwezi kazi hiyo kwa muda uliobaki. Sultani akawatazama waziri, mnajimu na tabibu, akaamuru ndoo zigawiwe.

Waziri mkuu akafunga kanzu kiunoni, akachota ndoo ya kwanza, huku akimweleza kila apitaye kwamba yeye tangu jana alijua samaki amelala tu.